Nyaya za Land Rover ya zamani: kwa nini taa huzima mlimani, na jinsi ya kuzipanga upya

Gari lililotuletea mada hii ni Land Rover 109 ya familia moja ya Wilaya ya Mbulu. Bodi yake ina umri kuliko dereva. Injini si ile iliyozaliwa nayo: ya petroli ilitolewa miaka mingi iliyopita, ikafungwa ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo la Kijapani. Siku za kawaida gari hilo hubeba vitunguu saumu kwenda sokoni. Siku ya dharura ndilo linaloamshwa usiku kumpeleka mama mjamzito Haydom, kwa sababu pale kijijini hakuna gari jingine linalopita kwenye tope.

Usiku mmoja wa mvua lilikuwa linashuka mlima Magara likiwa na mzigo. Dereva aliwasha taa kubwa pamoja na zile spoti nne za juu ya kichwa cha gari. Dakika chache baadaye alisikia harufu ya plastiki kuungua, kisha taa zote za mbele zikazima kwa pamoja. Aliegemeza gari upande wa ukuta wa mlima, utingo akashuka na tochi ya simu kuwaonya waliokuwa nyuma. Walilala pale mpaka asubuhi.

Kabla ya usiku ule mwenye gari alikuwa amekwisha badilisha balbu mara mbili, betri mara moja, na altaneta. Fedha yote hiyo ilikwenda kwenye vitu ambavyo havikuwa na ubaya. Ubovu ulikuwa sehemu mbili tu: boliti moja yenye kutu na kiungo kimoja cha waya kilichosokotwa kwa mkono. Tulikaa siku mbili na fundi umeme wa magari aliyelifungua, na haya tunayoyaandika ni yale ambayo mwenye Land Rover, pikapu au trekta la zamani kati ya Dongobesh na Katesh anaweza kuyafanyia kazi.

Umeme lazima urudi

Wengi wetu tunafikiri umeme wa gari unatoka kwenye betri, unafika kwenye taa, kazi imekwisha. Maji ya mfereji ndivyo yalivyo: ukiyafungulia yanafika kwenye jaruba la vitunguu, yanazama humo. Umeme haufanyi hivyo. Unatoka kwenye ncha chanya ya betri, unapita kwenye swichi na fyuzi, unapita kwenye balbu, kisha ni lazima urudi kwenye ncha hasi ya betri ileile. Njia ya kurudi ikikatika, taa haiwaki hata kama njia ya kwenda ni nzima kabisa.

Ili kupunguza nyaya, watengenezaji hawakuweka waya wa kurudi kwa kila taa. Walitumia chuma cha gari chenyewe. Waya mweusi mfupi unatoka kwenye taa, unafungwa kwa boliti kwenye bodi, na umeme unarudi nyumbani kupitia bodi, chesesi na ule mkanda mnene wa betri. Hiyo ndiyo mafundi wanaita ethi. Kwa gari ambalo bodi na chesesi vyote ni chuma na vimeshikana vizuri, mpango huu ni mzuri.

Land Rover ya zamani ina shida ya pekee. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini juu ya chesesi ya chuma. Kwa kutu ya bodi, hilo liliwasaidia sana wazee wetu. Ndiyo maana bado tunaziona barabarani. Lakini alumini na chuma vikigusana penye unyevunyevu, vinaanza kulana. Katikati yao hutokea unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme vizuri. Ongeza chumvi, mambo yanaharakishwa. Gari linalopita kando ya Ziwa Balangida kila wiki, lisipooshwa chini, hubeba chumvi hiyo kwenye kila boliti.

Ndiyo sababu ya vituko ambavyo madereva wetu wanavieleza kama uchawi. Unakanyaga breki, taa ndogo za nyuma zinafifia. Unawasha indiketa ya kulia, taa ya breki inakonyeza pamoja nayo. Unapiga honi, mshale wa mafuta unacheza. Hakuna uchawi. Taa ya breki imekosa njia yake ya kurudi, basi umeme unapenya kwenye balbu ya jirani na kurudi kupitia ethi ya huko. Ukiona taa mbili zinazojuana namna hiyo, usinunue balbu. Tafuta boliti ya ethi.

Fundi alivyoipata boliti

Hakuanza kwa kufungua kitu. Alianza kwa kupima, akitumia mita ndogo ya dijitali ambayo bei yake ni kama ya kuku mmoja au wawili. Aliiweka kwenye alama ya volti 20 za umeme wa moja kwa moja, ule wa betri, si ule wa ukutani.

Kwanza betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limepumzika saa kadhaa, husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 ina njaa, na asubuhi za baridi ya Mbulu za Juni na Julai haitasukuma stata ya dizeli. Kisha akawasha injini na kupima tena: 14.1. Altaneta nzima husoma kati ya 13.8 na 14.4. Kwa vipimo hivyo viwili tu, ambavyo havikuzidi dakika tatu, tayari ilionekana betri na altaneta havikuwa na kesi, na pengine hata vile vya zamani vilivyotupwa havikuwa nayo.

Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hulipita. Kwa kuwa kiungo kilichoungua kilikuwa kimekata njia ya taa, aliwapa taa za mbele umeme wa muda kutoka betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Taa zikiwaka, akaweka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, na ncha nyekundu kwenye ule waya mweusi wa ethi nyuma ya taa. Kama njia ya kurudi ni nzima, mita inatakiwa kusoma karibu na sifuri, isizidi 0.2. Ilisoma 2.3.

Maana yake ni hii. Volti 2.3 zilikuwa zinapotea njiani kurudi, kwenye kutu. Taa iliyotakiwa kupata volti 12 ilibaki na chini ya 10. Na mwanga wa balbu haupungui kidogokidogo sawa na volti. Unaporomoka haraka zaidi. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, unapoteza karibu theluthi moja ya mwanga. Kwa kiasi kile gari lilikuwa linatembea na chini ya nusu ya mwanga wake, na ndiyo sababu mwenye gari aliongeza spoti nne: aliona giza.

Boliti ilikuwa nyuma ya bawa la mbele kushoto. Ilipofunguliwa ilidondosha ule unga mweupe. Alikwangua kwa msasa mpaka alumini ikang'aa, akaweka teminali mpya ya duara na washa yenye meno, akapaka grisi juu yake ili maji yasiingie tena. Halafu hakuiamini bodi peke yake: alivuta waya mnene mpya kutoka hapo mpaka kwenye chesesi, na mwingine kutoka kwenye chesesi mpaka kwenye injini. Ushauri wetu ni huo huo kwa kila Land Rover ya bodi ya alumini. Waya wa ziada wa ethi ndio matengenezo ya bei ndogo kuliko yote yanayoweza kufanyika kwenye gari hilo.

Pima pia upande wa kwenda kwa namna hiyohiyo: ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoleta umeme kwenye taa, taa ikiwa inawaka. Isizidi nusu volti. Ikizidi, fuata waya kwa hatua: kabla ya swichi, baada ya swichi, kabla ya kiungo, baada ya kiungo. Mahali namba inaporuka ndipo ugonjwa ulipo.

Kama huna mita, balbu ya indiketa ya wati 21 yenye nyaya mbili inatosha kwa kazi nyingi. Kwa kweli kwa kiungo kibovu ni bora kuliko mita iliyopimwa bila taa kuwaka, kwa sababu mita inaweza kuona volti 12 zikipita kwenye uzi mmoja wa shaba uliobaki, wakati balbu itakataa kuwaka. Lakini balbu hiyo ni ya Land Rover, trekta na pikapu za zamani. Usiichomeke kwenye Noah, Probox au gari lolote lenye kompyuta, unaweza kuichoma. Na nyaya za njano zinazokwenda kwenye usukani wa magari hayo ni za mifuko ya hewa. Usiziguse kabisa.

Ile harufu ya kuungua

Kiungo kilichozima taa kilikuwa ndani, nyuma ya paneli ya katikati. Fundi alipoivuta paneli nje, tulichokiona hakikuwa mfumo wa nyaya, kilikuwa kichuguu. Nyaya za kiwandani za kitambaa, nyaya za spika, nyaya za kufungia umeme nyumbani, zote zimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi ambayo gundi yake ilikwishayeyuka. Kila mmiliki aliyepita alikuwa ameongeza chake: redio, spoti, chaja ya simu, king'ora, taa ya ndani. Na kila mmoja alichukua umeme mahali palipo karibu.

Fanya hesabu hii na wewe kwa gari lako. Gawanya wati kwa 12, unapata ampea. Taa mbili za mbele za wati 60 ni wati 120. Spoti nne za wati 55 ni wati 220. Jumla 340, sawa na zaidi ya ampea 28. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuja na Land Rover nyingi za miaka ya 1960 hutoa ampea 22 basi, ikiwa nzima na injini inazunguka vizuri. Altaneta ya injini ya Kijapani inaweza kumudu mzigo huo, lakini swichi ya taa na waya wake vilibaki vile vya zamani. Ampea 28 zilikuwa zinapita kwenye kiungo kilichosokotwa kwa vidole. Kiungo kilegevu hupata joto, joto hukilegeza zaidi, kikilegea kinapata joto zaidi.

Je, fyuzi haikukatika? Haikuwepo. Hili linawashangaza wengi: Land Rover za Series II zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa za mbele hazikupitia hata moja. Wahandisi wa wakati ule waliona ni heri waya uungue kuliko dereva kubaki gizani ghafla. Sisi hatukubaliani nao, maana kwenye mlima Magara walipata vyote viwili.

Na pale fyuzi ilipokuwepo, palikuwa na mtego mwingine. Fyuzi za kioo za Kiingereza za zamani zilizoandikwa 35 zilikuwa na maana ya kwamba hukatika kwenye ampea 35. Mzigo wa kudumu ni kama nusu yake. Ukinunua leo fyuzi iliyoandikwa 35 kwa hesabu ya kisasa, itabeba 35 siku nzima bila kukatika, na waya utaungua kabla yake. Kuhusu ile karatasi ya sigara ya fedha au kipande cha waya kinachowekwa badala ya fyuzi, tumeshasema sana hewani. Fyuzi inakatika kwa sababu kuna kitu kinapiga shoti. Ukiilazimisha, unahamishia moto kwenye gari.

Kupanga upya

Mwenye gari alitaka kiungo kile kirekebishwe aondoke. Fundi alimkatalia, na tunadhani alikuwa sahihi, ingawa ilimgharimu mzee siku ya mnada.

Kazi ilianza kwa simu. Kabla ya kukata waya hata mmoja, kila kona ilipigwa picha, kila waya uliofunguliwa ukafungiwa kipande cha tepu nyeupe chenye namba, na namba ikaandikwa kwenye daftari: namba 7, swichi ya taa kwenda taa ndogo za nyuma. Ukikosa hatua hii utamaliza kazi ukiwa na nyaya tatu mkononi na hujui wenyewe. Kisha mkanda hasi wa betri ukatolewa kwanza, chanya baadaye. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche, na betri inayotoka kuchajiwa huwa na gesi inayolipuka juu yake. Ukungu wa kijani na mweupe kwenye nguzo za betri ulioshwa kwa maji yenye magadi kidogo, ambayo huua tindikali. Yaoshe haraka kwa maji safi yasidondokee bodi, maana magadi yanakula alumini.

Rangi za nyaya za Kiingereza zina lugha yake, na ukiijua unaokoa nusu siku. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, upo hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nyeupe unakuja ukiwasha swichi. Kijani ni ule wa swichi uliokwisha pita kwenye fyuzi: vipangusa kioo, taa za breki, saa za dashibodi. Kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani wenye mstari mweupe ni ya kulia. Buluu ni taa za mbele. Ikiwa na mstari mweupe ni taa kubwa, mstari mwekundu ni dimu. Nyekundu ni taa ndogo, na hapa ndipo vijana wa gereji wanapokosea, wakidhani nyekundu ni chanya ya betri kama kwenye redio. Nyeusi ni ethi. Hata hivyo baada ya miaka 50 na mafundi kumi, rangi ni tetesi tu. Pima ndipo uamini.

Kuna jambo moja la kuangalia mapema kwa Land Rover za kabla ya mwaka 1967. Nyingi zilitoka kiwandani na chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote ya leo. Ukifunga redio au chaja ya simu kwenye gari la namna hiyo bila kujua, inakufa palepale. Altaneta nayo. Angalia mkanda unaokwenda kwenye chesesi unatoka nguzo ipi. Vilevile, ikiwa injini imetoka kwenye lori dogo, uliza kama lilikuwa la volti 12 au 24. Malori mengi ya Kijapani ni ya 24, na stata au altaneta ya 24 iliyofungwa kwenye gari la 12 italeta vituko ambavyo hakuna balbu itakayovitibu.

Gari letu lilikuwa la 12 na hasi kwenye bodi. Fundi alifunga kisanduku kimoja cha fyuzi za kisasa cha nafasi nane, pakavu, juu ya futi la utingo. Kila kazi ikapata fyuzi yake: taa ya mbele kulia, taa ya mbele kushoto, taa ndogo, breki na indiketa, vipangusa na honi, spoti, redio na chaja, na moja ya injini. Kutenganisha kulia na kushoto kuna maana: upande mmoja ukipiga shoti, mwingine unakufikisha nyumbani. Spoti nne zikapunguzwa kuwa mbili. Mzee alilalamika, mpaka usiku alipoona taa za kawaida zenye ethi nzuri.

Kisha rilei. Hiki ni kisanduku kidogo cheusi, na kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti anayemfungulia mwenye lori. Swichi ya dashibodi haibebi tena ampea 10. Inamwambia mlinzi tu, kwa umeme mdogo usiofika robo ya ampea, na mlinzi anafungua njia fupi na nene kutoka betri hadi taa. Chini yake kuna namba, na ni zilezile kwa karibu rilei zote: 30 ni umeme kutoka betri kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kumwita mlinzi, moja ikitoka kwenye swichi na nyingine ikienda ethi. Gari likapata tatu: taa kubwa, dimu, spoti.

Kwa waya wenyewe, tusikie vizuri. Waya wa nyumba una uzi mmoja mnene wa shaba ndani. Ukutani unakaa kimya miaka 30. Kwenye barabara ya Mbulu kwenda Haydom unatikisika mpaka unakatika ndani ya plastiki, na kwa nje unaonekana mzima. Waya wa gari uwe na nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa spika nao una nyuzi nyingi lakini ni mwembamba. Ukiutumia kwa taa za mbele kwa urefu wa mita tano, unapoteza zaidi ya volti moja njiani na unapata joto. Kwa taa za mbele tumia wa milimita za mraba 2.5. Kwa taa ndogo na indiketa, 1 inatosha.

Viungo vilibanwa kwa teminali na koleo lake, si kwa meno wala kwa plaizi. Kila mahali waya unapopita kwenye tundu la bati paliwekwa mpira, kwa sababu ukingo wa alumini hukata plastiki kama wembe. Nyaya zilivishwa bomba laini na kufungwa kwa mikanda ya plastiki mbali na bomba la moshi. Mwisho fundi alichora ramani ya kisanduku kwenye karatasi, akaipiga picha, akaibandika ndani ya mlango. Fundi atakayefuata, hata akiwa wa Singida, ataisoma.

Mambo mawili ya injini iliyohamishwa

La kwanza ni ile taa nyekundu ya chaji. Watu wanadhani ni ya kumwonya dereva tu. Kwenye altaneta nyingi, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuzalisha. Fundi aliyehamisha injini akiuacha waya ule bila kuunganisha, au balbu ikiungua, altaneta inaweza kukaa bila kuchaji mpaka ukanyage mafuta sana, au isichaji kabisa. Ukiwasha swichi na taa ya betri haiwaki kabla ya injini kuunguruma, usifurahi. Tafuta balbu.

La pili ni waya mmoja mwembamba unaokwenda kwenye pampu ya dizeli. Pampu nyingi za Kijapani zina vali ya umeme inayofungua mafuta wakati swichi imewashwa. Waya huo ukilegea, injini inazima kana kwamba dizeli imekwisha, na dereva anaanza kufungua mabomba barabarani. Kabla hujashika spana ya mabomba, mwambie mtu awashe na kuzima swichi huku umeweka kidole kwenye vali hiyo. Usiposikia mlio mdogo wa tik, angalia waya kwanza.

Betri inayokufa usiku

Malalamiko mengine ya mara kwa mara ni betri inayolala imejaa na kuamka imekufa. Zima kila kitu, ondoa ufunguo, funga milango. Toa mkanda hasi wa betri, weka mita katikati ya mkanda na nguzo ikiwa kwenye alama ya ampea 10, ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu lake la ampea 10. Usijaribu kuwasha stata mita ikiwa pale, itaungua. Land Rover ya zamani isiyo na kompyuta inatakiwa kusoma karibu sifuri, au mia kadhaa tu za ampea kwa ajili ya redio, zisizozidi 0.05. Hii ya kwetu ilisoma 0.5. Betri ya ampea 70 kwa saa humalizwa kabisa na mvujo huo ndani ya siku sita, na baada ya siku tatu tayari haisukumi dizeli. Unachomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba ikishuka, umepata mlango wa mwizi. Mwizi alikuwa king'ora cha zamani kilichoachwa nyuma ya paneli, hakilii tena lakini kinakula kila usiku.

Siku ya pili jioni kila kitu kiliwaka isipokuwa jambo moja lililotugusa sisi wenye redio. Ukikanyaga mafuta, spika zilitoa mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Mluzi huo hutoka kwenye altaneta, na mara nyingi huingia kwa sababu ethi ya redio iko mbali na ya vifaa vingine, au kwa sababu chaja ya simu ya bei rahisi imechomekwa jirani. Fundi alichomoa chaja. Mluzi ukapungua nusu. Akahamisha waya mweusi wa redio kutoka kwenye bati la dashibodi mpaka kwenye nukta ileile ya ethi ya kisanduku cha fyuzi. Mluzi ukaisha, tukasikia taarifa ya habari ya saa moja ikiendelea vizuri, na mzee akasema tumwachie hivyo hivyo asikilize mpaka mwisho.